Risala ya Wanabesiboli kwa Bwana Hamdan, Kuhusu Aliyeketi Kushoto Kwake

Mgeni rasmi, baba yetu Bwana Hamdan bin Saeed. Mama yetu Bi Zuwena. Wakuu wa chuo. Na nyote mliotoka Wattaya, Hail na kwingineko kuja kutuaga kabla ya fainali: assalamu alaykum, na wenye salamu nyingine, hamjambo.

Kukaribisha

Karibu, baba, kwenye kiwanja ulichotujengea mwenyewe hapa Ghubra. Tunakusomea kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho mnachozungumza nyumbani kwako, na wengi wetu tumetoka Tanzania na Kenya kuja kusoma hapa. Pili, wakuu wa chuo waliokaa kulia kwako hawakifahamu. Wao wanadhani tunaomba paa la jukwaa na mipira mipya. Wanatabasamu, kama unavyowaona, na watapiga makofi kila tutakapotua. Tunakuomba uvumilie hivyo hivyo, usinyanyuke kabla hatujamaliza.

Aliyeketi kushoto kwako anafahamu kila neno. Amevaa jezi yenye jina la mwanao, na leo tumesimama kwa ajili yake.

Historia ya timu

Timu hii ilianzishwa na Yaqoob, mwanao. Alitukusanya sisi tusioijua besiboli hata kwa picha, akatushika mkono mmoja mmoja mpaka tukaweza kurusha. Yeye alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara za vidole, mpira uende wapi. Mrushaji wake alikuwa Japhet, ambaye ndiye anayekusomea sasa.

Kisha ikaja ile mvua. Wadi, lile bonde la mto lililokuwa kavu asubuhi, ilifurika na kulichukua gari la Yaqoob. Gari lilipatikana, yeye hakupatikana.

Ulipokataa Yaqoob asomewe khitma, ile dua ya marehemu, tulikuelewa. Mzazi hazuiwi kungoja. Ulipokuja na sharti kwamba utaendelea kuilea timu ilimradi nafasi ya Yaqoob isipewe mtu, tulikubali. Atakayechuchumaa pale avae jezi ya Yaqoob na glovu ya Yaqoob, na kipaza sauti kimtangaze kwa jina la Yaqoob, mpaka mwenyewe arudi. Kwa heshima tuliyo nayo kwako, hakuna aliyethubutu kusema hapana. Tukamtoa Ochieng ashike nafasi hiyo.

Baba, hukubahatika kumjua Ochieng wa mwanzo, na hilo linatuuma. Alikuja kutoka Siaya na mdomo usiopumzika. Hadithi zake alizicheka kabla hajazimaliza. Siku ya kwanza alichuchumaa akapaza sauti uwanja mzima: "Japhet, rusha bana, ama unangoja nizeeke hapa?" Lakini kipaza sauti kilipomtaja Yaqoob na watu wakashangilia, aliinamisha kichwa. Baadaye alituuliza kama si vibaya kuitwa jina la mtu ambaye hajulikani aliko. Tulimwambia ni jina tu, avumilie.

Mafanikio

Michezo miwili ya mwanzo tulifungwa vibaya. Katika wa tatu, mpigaji wao hodari akiwa amesimama tayari, Ochieng aligusa vumbi, kisha goti la kushoto, kisha vumbi tena.

Ishara hiyo Yaqoob na Japhet waliibuni wao wawili, na Japhet hakuwahi kumfundisha mtu. Alirusha kama alivyoagizwa, na mpigaji akakosa. Mapumzikoni alimfuata Ochieng akamuuliza ishara ile kaipata wapi. Ochieng alikuwa akikunja mikono ya jezi taratibu, kama ilivyokuwa desturi ya Yaqoob. Alijibu bila kuinua macho: "Unaniuliza mie? Mie ndiye nliyekufunza weye."

Hakuwa anatania. Hicho ni Kiswahili cha nyumbani kwako; mtu wa Siaya hasemi hivyo hata kwa utani.

Tulishinda siku ile, na tumeshinda kila mchezo tangu hapo. Tukanyamaza kwa kuwa ushindi ulikuwa mtamu. Fainali ni Jumamosi, na magazeti yameshatuita fahari ya chuo.

Changamoto

Ile jezi haikauki. Kwa jua hili la Muscat, ambako nguo hukauka ukiwa bado unatafuta vibanio, tumeianika juu ya paa mchana kutwa na bado inachuruzika. Glovu inanuka matope. Ochieng huvaa vyote bila kulalamika, na anapovua ngozi yake ya vidole huwa imekunjamana kama ya mtu aliyekaa majini.

Ukimwita Ochieng kwenye ujia wa hosteli, anakupita. Ukiita Yaqoob, anageuka na kusema "Naam." Kicheko chake kimekwisha. Kila Ijumaa ulikuwa ukimwalika chakula, nasi tulifurahi kwamba anakula vizuri. Siku hizi kila Ijumaa harudi hosteli, analala kwako, chumba kile cha mwisho kilichokuwa cha Yaqoob.

Mama yake alimpigia simu kutoka Siaya, kisha akampigia Japhet akilia. "Nimeongea na kijana mwenye adabu sana," alisema. "Ameniita bibi, ameniuliza natafuta nani. Japhet, mtoto wangu ako wapi?"

Juzi kulitangazwa kwamba mvua inarudi wiki hii. Jioni tulimkuta Ochieng amesimama katikati ya wadi, pale pale, miguu mitupu, anatazama upande wa milimani. Japhet alimuuliza anangoja nini. Akasema, "Nnangoja maji. Gari yangu imebaki huko." Ilibidi tumbebe. Alikuwa mzito kuliko mwili wake, na maji yalikuwa yakimtoka nguoni ilhali wadi nzima ilikuwa kavu.

Tunaogopa, baba. Tumemlinda kwa zamu tangu siku hiyo, lakini mtu anayetaka kwenda mahali atawapata waliosinzia. Mvua ikinyesha kabla hajarudi kuwa Ochieng, atayafuata maji, na tutakuwa tumewapoteza wawili.

Ombi letu

Hatuombi paa wala mipira.

Juma lililopita mama yetu Bi Zuwena, mzazi wa Yaqoob, alituita jikoni kwake. Alitupa ruhusa ya kuyasoma maneno yake, na yuko hapa, atatusahihisha tukikosea. Alisema: "Kila Ijumaa nnamwekea sahani, nnamtazama akila. Wanangu mie nnawajua hata gizani. Huyu si wangu, huyu kakopeshwa. Ana mamaake anamngoja. Nimemwambia babake Yaqoob, nyumbani hataki kunsikia. Mwambieni nyinyi, mbele za watu."

Ndiyo maana tunasema mbele za watu. Tumeita jina lake sisi, mama yake mzazi ameliita, hakuitika. Aliyemweka mahali pa mwanao ni wewe, na tunaamini anangoja ruhusa yako. Chukua jezi. Chukua kiwanja ukiona vema, na fainali tuikose. Tutarudi kucheza kwenye changarawe tulikoanzia, hatutakulaumu. Yaqoob tulimpenda, na tunajua tunakuomba ufanye jambo zito kuliko yote: umsomee mwanao khitma bila kaburi. Tutakuja sote, Waislamu tutasoma, Wakristo tutapika na kukaa kimya.

Ile simu iliyo mbele yako mezani si ya kurekodi sherehe. Mama yake Ochieng yuko hewani tangu tulipoanza kusoma, na amesikia yote. Mpe aliye kushoto kwako. Kabla hujampa, mvue ile jezi kwa mikono yako, kisha umwambie: Ochieng, mama yako anakuita.

Tutangoja hapa tukiwa tumesimama, baba, hata wakuu wakishapiga makofi yao na kuondoka.

Mola akupe nguvu ya dakika hii. Amrehemu Yaqoob bin Hamdan, ampokee huko maji yalikomfikisha. Awape wewe na mama yetu subira, na mtoto wa watu amrudishe kwao salama.

Ni sisi, wachezaji wenzake Ochieng,
Timu ya Besiboli, Chuo cha Ghaf,
Muscat.