Vuta Mbele Kidogo: Maisha ya Kaka Yetu, Fundi wa Spika

Marehemu kaka yetu, ambaye nusu ya mliopo hapa mlimwita Vuta Mbele na nusu nyingine mlidhani ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa seremala wa makabati, mama yetu mkunga. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake kitinda mimba, aliyebebwa mgongoni na marehemu, akachokozwa naye miaka sitini na kitu bila likizo.

Alipokuwa na miaka sita aliichukua redio ya baba, akaiweka ndani ya kabati la mteja lililokuwa bado halijatiwa rafu, akaegesha mlango, akakaa chini kusikiliza. Baba akaja na hasira zake. Mtoto akamwambia, "Baba, humu ndani msomaji wa habari amenenepa." Baba alichuchumaa naye wakasikiliza taarifa yote mpaka mwisho. Mteja alicheleweshewa kabati lake wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kumweleza sababu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968. Hesabu alikuwa moto, mwandiko ulikuwa balaa. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha ufundi akasomea redio na umeme, akahitimu Novemba 1971. Ripoti yake moja, ambayo mama aliitunza hadi anafariki, inasema: "Mwanafunzi mwenye bidii, ila huhamisha viti vya darasa bila ruhusa." Mama aliisomea wageni kwa fahari, na kaka alikuwa akitoka nje kila ilipoletwa.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika kituo cha redio, akafanya kazi hiyo miaka tisa. Tarehe 3 Februari 1981 alifungua duka lake, chumba kimoja kati ya duka la mikate na meza ya fundi saa, akawa anatengeneza na kuuza spika za zamani, zile za masanduku mazito ya mbao. Mteja akiingia anataka "zile kubwa kabisa", kaka alimhoji kama daktari. Sebule yako ina hatua ngapi? Ukuta wa nyuma ni wa matofali au mbao? Pazia ni nzito au nyepesi? Na unakaa wapi, wewe, siyo wageni? Wengi walitoka pale wamebeba spika ndogo kuliko walizozifuata, wamenuna, na baada ya mwezi wakarudi kumshukuru. Aligonga sanduku kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, halafu akapiga santuri ya mtu anayeongea tu, bila ngoma wala gitaa. Alisema besi inaweza kumlaghai mtu yeyote, lakini sauti ya binadamu tunaijua tangu tumboni.

Baadaye alikuja nyumbani kwako, viatu akaviacha mlangoni, akatoa mfukoni kamba yake yenye mafundo. Alipima kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kiti chako, na vipimo visipolingana hanywi hata maji. Spika ikibanwa ukutani besi inavimba, kwa hiyo alikuwa na wimbo wake mmoja, "Vuta mbele kidogo," mpaka wake za watu wakalalamika kwamba spika zimesimama katikati ya sebule kama wageni wasiotaka kuketi. Juzi vijana walipokuwa wakipanga viti vya msiba uani, mmoja aliropoka maneno hayohayo. Kazi ilisimama, watu wakacheka huku wanajifuta machozi.

Sasa tufike kwa wifi yetu, fundi cherehani, maana bila yeye wasifu huu ungekuwa orodha ya vifaa. Juni 1982 alipeleka dukani redio yake ya spika mbili, akasema moja imekufa. Kaka akaipima, akaikuta nzima, akamrudishia. Wiki iliyofuata wifi akarudi na neno lilelile. Mara ya tatu, mbele ya watu waliosubiri mikate, kaka akasema, "Dada, spika ni nzima. Nenda kasafishe masikio." Watu wakacheka.  Wifi aliiacha redio palepale juu ya kaunta akaondoka.

Fundi saa ndiye aliyemwambia. "Yule dada hasikii sikio la kushoto. Homa ya utotoni. Ukimwita kutoka upande ule hageuki." Kaka alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na malaria, akaibeba ile redio begani kwenda kuomba radhi. Wifi alifungua mlango, akamtazama toka juu hadi chini. "Karibu fundi. Umekuja kuyasafisha mwenyewe?"

Kamba yake siku hiyo haikumsaidia. Alijua kulinganisha sauti kwa mtu wa masikio mawili, na mbele yake alikuwa ameketi mtu wa sikio moja. Alikwenda pale Jumamosi tatu mfululizo. Alibadilisha nyaya ili kila spika itoe muziki wote, isiwe hii gitaa na ile mwimbaji. Spika moja akaiweka mbele ya wifi, nyingine kulia kwake, na kiti akakisogeza hadi sikio la kushoto likaelekea ukutani. Jumamosi ya kwanza wifi alimwambia, "Inatosha, fundi. Nasikia." Kaka akajibu, "Bado kidogo." Ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983, na mpangilio ule ukahamia sebuleni kwao, ukakaa pale miaka arobaini.

Wateja waliomtembelea walishangaa. "Fundi, kwetu unapima kwa kamba, mbona kwako shaghalabaghala?" Alijibu kwamba hiyo ni mipango ya ndani, akabadilisha mazungumzo. Lakini kwa dada yake alifunguka. Alisema, "Nawatandikia watu wote meza, halafu kwangu mtu anakula nusu sahani." Jambo hilo lilimkosesha raha maisha yake yote. Aliamini mkewe anapata nusu ya muziki, na kwamba fundi wa kweli angempa wote. Kila alipopata spika bora aliipeleka nyumbani, akaisogeza, akaigeuza, akauliza, "Na sasa?" Wifi akisema inatosha, yeye alisikia anaonewa huruma. Watoto wao walikua wakidhani "Na sasa?" ni salamu.

Tarehe 11 Aprili 2024 kaka alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, akawa analazwa kwa ubavu wa kushoto, sikio la kushoto limezama kwenye mto wa kulalia. Tunamshukuru daktari aliyemtibu, wauguzi waliokuwa wakija kumgeuza, na majirani waliopokezana zamu bila kuitwa. Kitanda chake kililetwa sebuleni. Watoto, kwa mapenzi yao, wakachukua kamba ya baba, wakabadilisha nyaya, wakazipanga spika barabara, kulia na kushoto, vipimo sawasawa, kama alivyowafundisha. Wakapiga santuri anayoipenda, ya mama mmoja anayeimba na gitaa lake. Kaka akakunja uso. Wakasogeza huku, wakasogeza kule, uso ukabaki umekunjwa.

Wifi akatoka jikoni, akafuta mikono, akawaambia wapishe. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuruhusiwa kuzigusa spika zile hata kwa kitambaa cha vumbi. Alizisukuma kwa nyonga, moja akaiweka mbele ya uso wa mumewe, nyingine upande wa sikio lake la kulia, akarudisha nyaya zilivyokuwa, akaweka sindano mwanzo wa santuri. Akavuta kiti akakaa.

Uso ulikunjuka. Wimbo ulipofika katikati, kaka, ambaye kila neno lilikuwa likimchukua muda, akauliza, "Hivi ndivyo unavyosikia?"

"Ndiyo."

Akasikiliza mpaka santuri ilipokwisha.

"Mbona haina upungufu."

"Nilikwambia tangu Jumamosi ya kwanza kwamba inatosha," wifi akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa husikii."

Kaka alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado mzima, akalia pia, na hakuuliza tena "Na sasa?" hadi mwisho. Wote tuliokuwepo tunashukuru kwamba aliondokana na lile jambo lililomkosesha raha akiwa bado hai, na kwamba wiki zake za mwisho walisikiliza pamoja, kila siku, santuri zao zote. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 20 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi sita na siku sita. Muziki ulikuwa unapigwa. Wifi aliuacha ufike mwisho ndipo akatuita.

Ameacha mke, watoto watatu ambao ni mkutubi, mhandisi wa maji na mwalimu wa hesabu, wajukuu watano, ndugu zake wanne, na jirani yake fundi saa, aliyetufungulia duka lile jana ili tupate picha mliyoiona kwenye jalada. Spika zipo palepale wifi alipoziweka. Mkija kutupa pole, tunaomba mtu asizivute mbele.

Pumzika kwa amani, kaka. Inatosha.