Nilisema ni Breki

Tulipotoka Nakuru, dereva wa basi alianza kuandika ujumbe kwa simu huku akiendesha. Mzee aliyeketi mbele yangu akamwambia kwa upole, "Boss, tafadhali weka hiyo simu." Dereva akaiweka.

Mama aliyekaa kando ya mzee akamshukuru. "Wengi wetu hunyamaza tu."

"Usinishukuru, mathe," mzee akasema. "Mimi nilikuwa dereva wa lori. Mwaka juzi, pale Salgaa, nilimgonga mama aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara. Nilikuwa naangalia video ya mbuzi kwa simu, nacheka. Sasa hawezi kutembea."

"Na polisi uliwaambia nini?"

"Nilisema ni breki. Kila mtu aliamini, hata yeye. Kila mwezi nampelekea unga, naye ananiombea kwa jina langu: 'Mungu ambariki Njuguna.'"

Mama aliutazama mfuko wa unga magotini pa mzee. "Leo mwambie ukweli."

"Nikimwambia, atabaki bila mtu wa kumtembelea."

"Hapo unajitetea wewe, mzee. Humtetei yeye."

Mimi nilijifanya naangalia nje. Jana tu nilipokea simu mbili nikiendesha, na mke wangu na watoto wakiwa ndani ya gari.

Basi likasimama Salgaa. Mwanamke kwenye kiti cha magurudumu alikuwa akingoja nje ya hoteli. Alimwona Njuguna dirishani, akampungia mkono akitabasamu, kabla mzee hajainuka kitini.