Ribiti za Bawa la Kulia

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa kitinda mimba wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1970.

Tarehe 2 Januari 1971 aliajiriwa uwanja wa ndege kuwa fundi wa mabati, akazipigilia ndege ribiti, yaani vijisumari butu vinavyoshikanisha mabati, kwa miaka thelathini na tano, hata wenzake wakambatiza Mzee Ribiti, naye akajibu kwamba heri jina hilo kuliko Mzee Tundu.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1988, wakajaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye ndiye aliyeandika historia hii, na ambaye ameomba isomwe bila kurukwa neno.

Alipostaafu, marehemu aliunda ndege ndogo za mbao, akazivika ngozi ya plastiki inayobandikwa kwa pasi, na kwa kuwa ngozi hiyo hung'aa kama karatasi ya peremende, aliichorea viungo vya mabati kwa penseli, akaitia ribiti kwa matone ya gundi kutoka kwenye sindano, moja moja, na masizi kidogo nyuma ya injini, maana alisema ndege isiyo na doa haijafanya kazi.

Ndege ya mwisho ilimchukua miezi kumi na mmoja. Tarehe 6 Juni 2019, wakwe watarajiwa wakiwa njiani, binti aliiona sebuleni, akaona haya kwa uchafu wake, akaisugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka ikawa nyeupe pe, na baba alipouliza, akauma ulimi, lawama ikamwangukia mama, ambaye nyumba nzima ilimjua kwa kupangusa, naye akakana mara moja tu. Tangu siku hiyo marehemu alihamishia chai yake kwenye karakana yake ya uani, mbali na mama.

Februari 2023 alianza kuugua mapafu, akalazwa, na siku moja akamvuta binti karibu, akasema, "Mwambie mama yako nilishamsamehe." Binti akaitika kwamba atamwambia. Hakumwambia. Marehemu alifariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, na karakanani ndege ile ikakutwa na ribiti mpya bawa la kushoto, la kulia likiwa tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, na mafundi wenzake waliobeba jeneza, na mama, aliyeketi mstari wa mbele, anaombwa radhi mbele yao wote, kwa kuwa hakuwa na kosa la kusamehewa.

Pumzika kwa amani, Mzee Ribiti. Aliyefuta ni binti yako.