Bwana Alivyonitoa Kwenye Gitaa Lisilochomekwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na wenye hoteli.

Mimi naitwa Akinyi, mpiga gitaa. Bendi yetu ni ya vijana wanne, na tuliiita Jazz, kama bendi za benga zinavyoitwa huku kwetu tangu enzi za babu zetu. Kumbi za kupigia Kisumu zimebaki chache. Nyingine ni maduka ya simu sasa, nyingine wamepewa ma-DJ. Tukapata hoteli moja kando ya ziwa, Jumapili mchana.

Ndugu zangu, nina hasira mpaka leo. Mwenye hoteli alitukataza kuchomeka vyombo. Muziki ulitoka kwenye flashi, nyimbo za bendi nyingine kabisa, nasi tulisimama mbele na mashati ya kung'aa tukichezesha vidole. Eti wageni wanataka kuona bendi, si kuisikia. Kila Jumapili nilimwomba Mungu anitoe pale, nikisaga meno.

Siku moja akasimama mzee kutoka Muhoroni, aliyekuwa amemzika mkewe juzi tu. Akanyanyua mkono.

"Bendi, simamisha kidogo. Nataka kusifu Nyar Alego, bibi yangu."

Hiyo ni pakruok. Mtu akitaka kujisifu au kumsifu mtu wake, bendi hunyamaza papo hapo, aseme, halafu gitaa limjibu. Lakini flashi haijui pakruok. Ikaendelea tu. Mzee akarudia, mkono bado juu, akidhani tumemdharau.

"Achana na yeye," mwenye hoteli akaninong'oneza. "Atachoka, atakaa."

Niliwaka mwili mzima. Msiniambie ni pepo lililomtuma mwenye hoteli. Alikuwa mtu mwenye roho mbaya, basi. Nikaing'oa ile flashi, nikachomeka gitaa langu. Mzee akamsifu mkewe, mikono yake iliyolima miwa, kicheko chake, nami nikamjibu kila sifa huku machozi yakinitoka.

Tulifukuzwa hapo hapo. Asante Yesu kwa kufukuzwa huko! Sasa tunapiga uani kwa mama yangu, mtaa wa Migosi, na watu wanakuja.

Kijana mwenzangu, nasikia hoteli ile inatafuta bendi nyingine. Usiende. Mtumaini Mungu aliyekupa vidole hivyo. Hakukupa ili umzibe mdomo mzee aliyefiwa. Jumamosi tunaenda Muhoroni, kwenye ukumbusho wa Nyar Alego. Kila mzee akinyanyua mkono, tutanyamaza.