Ndoo Kubwa Zaidi

Fundi seremala alikuwa amepakata ndoo mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, ili mkewe apunguze safari za bombani. Nyuma yake basini wanawake wawili walinong'ona, ule mnong'ono wa kusikika hadi kwa dereva.

"Kizazi kilishuka, mwenzangu, kikachungulia nje. Wamenitoboa vitundu tu tumboni, wakakiinua kwa kipande cha wavu walichokishonea humo ndani."

"Si umepona, basi?"

"Nimekatazwa kubeba vizito. Sasa maji atateka nani?"

"Mumeo je?"

"Yule? Hata hajui nilitibiwa nini. Miaka yote ananiona nakalia upande mmoja, anadhani ni maringo."

Tabasamu la kusikiliza umbea likamfutika seremala. Asubuhi alimtania mkewe kwa neno hilohilo, alipomwona amekalia upande.

"Mzee wa ndoo!" kondakta akaita, basi likisimama. "Si hapa unashuka?"