Mjomba Aliyepima Vitambaa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mjomba anavua koti lake la kazi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulisha watoto katika kituo chetu cha watoto wenye ulemavu wa akili. Jina lake liko kwenye faili ofisini, lakini ukiliita getini hakuna atakayejua unamtafuta nani. Watoto walimwita Mjomba, wazazi wakafuata, na mwisho mkurugenzi naye akasalimu amri.

Nimeombwa niandike mimi wa chumba cha kufulia. Shule yangu ni fupi, mnajua, lakini wanasema kisa cha vitambaa nakijua kuliko wote. Basi Mungu anisaidie.

Mjomba alikuja akiwa kijana mwembamba, akapewa kazi ya kufagia. Siku moja walishaji wawili waliugua, akashikishwa kijiko kwa muda tu. Muda wenyewe ndio huu unaoisha Ijumaa. Subira yake ilikuwa ya ajabu. Mtoto mmoja alimchukua dakika arobaini na tano, bila kelele, bila kumbana pua ili apanue mdomo kama ilivyokuwa zamani. Alijisifu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kumrudishia bakuli lenye chakula. Wapishi wakamtania: "Mjomba, wewe hata ukuta ungeulisha ukala!"

Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza. Aliletwa binti wa miaka sita mwenye kilo kumi na moja. Bakuli lake lilirudi tupu kila siku, na kwenye daftari la mlo Mjomba aliandika "amemaliza," miezi mitano mfululizo. Lakini kilo zilibaki zilezile, kila akila alikohoa, na mara tatu alilazwa kwa nimonia. Daktari akasema chakula kinampita njia ya hewa. Awekewe mpira wa kulishia, unaoingia tumboni moja kwa moja kwa tundu dogo. Mama wa binti, fundi cherehani, alikataa katakata. Na Mjomba, tuseme ukweli, alikuwa upande wa mama.

Asubuhi moja nikamtania kwamba vitambaa vya shingoni vya yule binti vinanivunja mgongo kuliko mashuka. Hakucheka. Aliondoka, akarudi na mizani ya jikoni ya kupimia unga. Kwa siku nane tulipima kila kitambaa, kikiwa kikavu kabla ya mlo na kikiwa kimelowa baada yake. Kila mlo, uji wa gramu mia tatu ulitoka jikoni. Gramu mia moja na themanini zilinirudia mimi. Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akainamisha kichwa, akasema: "Dada, kumbe nilikuwa nalisha nguo."

Mwingine angeficha. Yeye alipeleka hesabu ile kwa daktari, kisha akaisoma kwenye kikao, mbele ya walewale waliokuwa wakimsifu.

Akabaki mama, naye alimjia juu: "Sema tu umechoka kumlisha mwanangu! Mtoto wa kumiminiwa si mtoto tena, ni tangi." Mjomba akaleta vitambaa viwili vya binti. Alimpa kitambaa kikavu mkono wa kushoto, na kilicholowa mkono wa kulia. Fundi anajua uzito wa nguo. Alivipima mkononi, akakubali mpira kwa masharti mawili: binti asitolewe mezani kwa wenzake, na ulimi wake usinyimwe ladha. Daktari akaruhusu tone tu, ncha ya kijiko. Mjomba akaahidi.

Kuahidi ni rahisi, kazi ni kutimiza. Mwezi wa kwanza binti alitapika mno, mpaka tukajifunza kumimina polepole na kumketisha wima. Siku moja mchana mpira ulichomoka. Mjomba alifunika tundu kwa kitambaa safi, akambeba mbio hadi hospitali kabla halijajifunga, mguu mmoja una kiatu, mwingine ndala. Hakukata tamaa, na sisi hakuturuhusu tuikate. Mwaka ulipotimia, mizani ilisema kilo kumi na tano na nusu, na nimonia haikurudi. Mama akaanza kushona magauni yenye vifungo tumboni. Leo anawashonea watoto wetu wote saba wenye mpira.

Wala Mjomba hakutaka kila mtoto awekewe mpira. Wengi waliponea kiti kilichonyooka au uji mzito kidogo. Neno lake lilikuwa pima kwanza, ubishi baadaye. Tangu hapo hakuna mlishaji anayeandika "amemaliza" kabla kitambaa hakijapita kwenye mizani.

Binti yule sasa ana miaka kumi na minne. Wiki iliyopita mama yake alinijia chumba cha kufulia, akauliza kwa sauti ya chini nani atakuwa akimwonjesha lile tone. Nilimpeleka dirishani akaone mwenyewe. Mwezi mzima Mjomba amesimama nyuma ya walishaji wenzake mikono mgongoni, kijiko hagusi, anawatazama wakilisha, na wakikosea anakohoa.

Jumatatu saa sita, Mjomba, binti atakuwa mezani pake. Tone ulimini kwanza, kisha mpira. Ahadi yako tumeipokea.

Asante, kaka yetu. Miaka yote hii ulikula wa mwisho, chakula kimeshapoa. Mwenyezi Mungu akujalie maisha mema na marefu, na kila siku sahani ya moto, uile ukiwa umekaa.