Maji Aliyomwagiwa Binti wa Fundi

Muganyizi, fundi seremala wa Mirongo, alichonga benchi refu akaliweka mbele ya karakana yake. Hilo lilikuwa kosa, maana wanaume ukiwapa mahali pa kukaa hawaondoki tena. Nathaniel, karani aliyepunguzwa kazini mashirika yalipoanza kuuzwa, alijipa nafasi ya mwanzo. Wakamwita Kamati, kwa sababu hata nzi akitua kwenye kikombe yeye anafungua kikao. Wa pili alikuwa Luhaga muuza mitumba, jina lake Soko Huria, ambaye kila balaa la dunia analitupia soko huria. Wa tatu alikuwa Masalu, mpakiaji wa minofu ya samaki kwenye ndege za mizigo. Huyo aliitwa Sangara, na kwa alivyonuka, jina lilikuwa halali yake. Kahawa aliuza Mhoja, mama mtu mzima asiyecheka bure. Siku hiyo, mwaka wa tisini na nane, utani ulikuwa umelala. Annet, binti wa fundi, alikuwa analeta abiria kutoka Bukoba, kwa mara ya kwanza yeye akiwa ndiye rubani mkuu wa ndege, bila mzee wa kazi wa kumwangalia. Mtaa wote ulijua. Baba yake naye alikaa pale benchini, anapiga msasa mguu wa kiti ambao ulishalainika tangu asubuhi.

Mchana Sangara akatokea kutoka uwanja wa ndege, jasho linamtiririka.

— Fundi, ndege imefika.

Mkono wa Muganyizi ukasimama.

— Na yeye?

— Yeye naye amefika. Mzima. Lakini…

— Lakini nini? Sema, bwana, usituweke roho juu.

— Wamemmwagia maji.

— Nani?

— Wanawake wawili wenye mashati meupe kama lake. Mimi nilikuwa napakia mzigo wangu, nikasikia makelele. Kugeuka, naona ndoo inamiminwa kichwani. Mara nyingine tena! Nguo zote zimelowa, mbele za watu, abiria wanatazama. Na mtoto wako analia.

Mhoja alikuwa anamimina kahawa, akaacha kikombe nusu.

— Tufungue kikao — alisema Kamati.

— Kikao gani? — Soko Huria alimkata. — Hayo ni mafuta ya ndege. Yamemmwagikia, wakamwosha asije akashika moto. Jambo limekwisha.

— Angeoshwa kichwani? — Kamati aliuliza. — Mafuta ya ndege yako kichwani?

— Sasa wewe unasemaje?

— Hiyo ni adhabu, Luhaga. Mimi nimepita jeshini. Kuruta akikosea anamwagiwa maji, anagaragazwa. Mtoto amefanya kosa huko juu. Na hizi kampuni za watu binafsi hazikuandikii barua. Unamwagiwa ndoo, unakwenda zako.

— Hapo sasa umesema! — Soko Huria alipiga paja. — Soko huria hilo! Zamani ukifukuzwa unaitwa ofisini, unapewa hata kiti.

— Wewe ulifukuzwa lini kwa kiti? — Mhoja alimuuliza. — Ulishaajiriwa?

Muganyizi alikuwa anamtazama Sangara tu.

— Hao wanawake walikuwa wakali?

— Walikuwa wanapiga kelele, fundi. Walimshika huku na huku mabegani. Kelele za nini sikuelewa, injini zilikuwa zinanguruma.

— Wivu — alisema Kamati. — Wanawake wawili kazi moja, watatu je?

— Hapana, tunazunguka tu — Soko Huria alisogea mbele, sauti akaishusha, na mtu wa aina yake akishusha sauti ujue anakuja na upuuzi. — Huyo ameogeshwa. Mwenye ndege ameambiwa na waganga. Fikirini. Mama yake yuko ziwani. Mtoto anapita juu yake kwenda, anapita juu yake kurudi. Ziwa linamdai yule. Wamemwosha ili ndege isije…

— Luhaga! — Mhoja aligonga birika kwa kikombe. — Mdomo wako haujui msiba?

Pale kijiweni kulikuwa na jambo moja tu ambalo halizungumzwi, na Soko Huria alikuwa amelikanyaga kwa miguu yote miwili. Meli ilipozama, Mei ya mwaka wa tisini na sita, Teodora mke wa fundi alikuwa ndani, anarudi kutoka kuwaona ndugu zake Bukoba. Muganyizi alikuwa amekwenda bandarini kumpokea. Alisimama analitazama ziwa mpaka likawa jeusi, kesho yake akaenda akasimama tena, na mke hakupatikana hata wa kuzika. Tangu hapo hakwenda kumpokea mtu popote, awe wa meli au wa basi. Annet alikuwa akija kutoka masomoni anashuka stendi, anabeba mabegi yake, anapiga hodi kama mgeni.

Muganyizi akaweka msasa chini.

— Basi. Iwe adhabu, iwe uganga, yamekwisha. Leo analala nyumbani, na kesho harudi huko. Ataacha.

— Hayo ndiyo maneno ya mzazi — alisema Kamati haraka, kama aliyeponea hapo.

— Kuna chuo cha upigaji chapa — alisema Sangara.

— Au afungue saluni — alisema Soko Huria. — Saluni sasa hivi zina wateja.

Walikuwa bado wanamgawia kazi mtoto wa mwenzao teksi iliposimama. Akashuka dada mrefu, shati jeupe lina mistari ya dhahabu mabegani, suruali imelowa mpaka magotini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Winnie. Ni rubani. Namtafuta baba yake Annet.

— Ndiye huyo mmoja wao! — Sangara alinong'ona kwa sauti ambayo hata dereva wa teksi aliisikia.

Muganyizi alisimama.

— Ni mimi. Wewe ndiye uliyemmwagia mwanangu maji?

— Ndiyo, mzee. Mimi na mwenzangu Dorcas.

— Alikukosea nini?

Winnie aliwatazama wote mmoja mmoja. Akaelewa amekuta kesi imeshahukumiwa.

— Hajakosa kitu, mzee. Sisi marubani, mtu akirusha kwa mara ya kwanza ndege ikiwa mikononi mwake, akishatua wenzake wanammwagia maji. Ndiyo pongezi yetu. Mimi siku yangu sikuwa na mwenzangu. Wanaume walikwenda kula. Nikaenda nyuma ya banda la ndege, nikafungua bomba, nikainamisha kichwa mwenyewe. Nikasema, atakayekuja nyuma yangu asijimwagie. Dorcas naye alipofikia siku yake, nilikwenda. Sasa yeye ametoka Dar na treni kwa ajili ya Annet.

— Rubani anapanda treni? — aliuliza Kamati.

— Likizo haina mabawa, mzee. Sisi marubani wanawake tukikusanywa nchi nzima tunaenea kwenye benchi hili, na nafasi ya kuweka kahawa inabaki. Tusipokwenda sisi, nani ataenda?

Kamati akasogea kidogo, kana kwamba wanakuja kukaa.

— Na kilio? — aliuliza Muganyizi. — Masalu amemwona analia.

— Kweli alilia. Lakini hakulizwa na maji. Alikuwa anaangalia getini. Abiria wake wote walipokelewa, wengine kwa vigelegele. Yeye alitupata sisi wawili na ndoo. Amekataa kuja nami hapa. Anasema baba nisimsumbue, baba alishasubiri mtu.

Hapo hata Soko Huria alitazama miguu yake.

— Kesho asubuhi anapeleka abiria Bukoba, alasiri anarudi — Winnie aliendelea. — Mimi na Dorcas tutakuwa tumeshaondoka. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kesho akirudi, nani atasimama getini?

Kamati alifungua kinywa, kikao hakikufunguka. Sangara, ambaye kazi yake ilikuwa hapo hapo uwanjani, alikuna shingo. Mhoja akainamisha birika, akakuta mashapo matupu, akaliweka chini bila kuita mteja.

Habari ya saluni hakuna aliyeirudia.

— Dada — alisema Muganyizi. — Mtu akisimama hapo getini, ndege anaiona ikiwa bado mbali, au inatokea tu ghafla?

— Unaiona ikiwa mbali, mzee. Ndogo kama nzi. Inatokea ziwani.

— Ziwani.

— Ndiyo, mzee.

Fundi alijipangusa vumbi la mbao mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

— Basi itabidi nilitazame.